Msimu Ambao Golikipa Alirefuka

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Dubai nilimwagilia majani saa sita mchana. Nilikuwa nimetoka Bungoma wiki iliyotangulia, na kwetu mtu akiona mmea umenyong'onyea anauletea maji, haulizi saa. Basi nikashika mpira wa maji nikaanza kuyanywesha kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimefika nusu ya bustani niliposikia mtu nyuma yangu akisema Kiswahili laini, cha polepole, ambacho sikukitarajia mahali pale.

"Bwana wee, hebu funga hayo maji."

Nilipogeuka nilimwona mzee mwembamba mwenye kofia ya viua, mikono kaiweka nyuma. Huyo ndiye alikuwa msimamizi wetu, Mzee Khelef, mtu wa Unguja aliyehamia huku tangu ujana wake.

"Nayamwagilia, sir," nikasema.

"Mie si sir, mie Khelef. Na wewe humwagilii, wapika. Maji yetu haya yana chumvi. Jua likiyakausha juu juu, maji yanaondoka, chumvi inabaki, mzizi unaungua. Hapa tunamwagilia kabla ya alfajiri na baada ya magharibi. Mchana tunayaacha yavumilie, kama tunavyovumilia sisi."

"Samahani, mzee."

"Samahani yaombe majani. Na mtu akimkuta mzee wake husema shikamoo. Huko kwenu haipo?"

Kwetu ilikuwa kwenye vitabu vya shule zaidi kuliko midomoni, lakini nilimwambia ipo. Tangu siku hiyo nilimwamkia kila asubuhi kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, hata zile asubuhi ambazo tulikuwa tumenuniana.

Naandika haya nikiwa chumbani kwangu Al Qusais, masanduku mawili yamefungwa na la tatu bado liko wazi. Nimestaafu. Visa yangu inafutwa mwisho wa mwezi na nitarudi Bungoma kufuga kuku, kazi ambayo mke wangu anasema sitaiweza. Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja sasa kutunza bustani na viwanja vya watu. Mnakuja na simu zinazowaambia lini mvua itanyesha, wakati hapa hainyeshi. Simu haitawaambia nitakayowaambia, kwa hiyo vumilieni maneno ya mzee.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa barabarani. Kampuni ilitupanga kutunza maua ya katikati ya barabara upande wa Satwa, yale ambayo madereva wanayapita bila kuyatazama. Huko nilijifunza kufanya kazi ambayo hakuna anayeiona. Kituo cha pili kilikuwa hoteli moja yenye uwanja wa majani wa kufungia harusi. Huko adui yetu alikuwa viatu vya wageni. Kila harusi ikiisha tulikuta vishimo elfu vya visigino, na meneja, mtu mkali aliyevaa suti hata mwezi wa saba, alitaka vyote vizibwe kabla ya bibi harusi mwingine kufika. Kituo cha tatu kilikuwa shule, na ndipo niliposhika kwa mara ya kwanza mashine ya kuchora mistari. Kituo cha nne na cha mwisho kilikuwa chuo, hapa hapa Al Qusais, ambako Mzee Khelef alichukuliwa kuwa msimamizi wa viwanja naye akaomba nimfuate.

Pale chuoni ndipo nilipokuwa fundi. Mtu anayetazama mpira huona majani ya kijani akadhani yameota yenyewe. Uwanja wa huku una majani ya aina mbili. Wakati wa joto ni ukoka, ule ule unaotusumbua mashambani, ila hapa tunaulea kama mtoto wa kwanza. Baridi ikianza ukoka unalala na kuwa wa njano, kwa hiyo mwezi wa kumi tunaupunguza hadi chini na kumwaga juu yake mbegu za majani yanayopenda baridi. Mwezi wa tano yale ya baridi yanakufa na ukoka unaamka. Mtunza uwanja hufiwa na kuzaliwa mara mbili kwa mwaka, na hapewi likizo kwa lolote kati ya hayo.

Mistari nayo ina siri yake. Ili kona ya uwanja iwe kona kweli, Mzee Khelef alikuwa na kamba yenye mafundo. Unapima hatua tatu upande huu, nne upande ule, na kamba ya kuunganisha ikitimia tano kamili, kona yako imenyooka. Isipotimia, rudia. Nilimuuliza siku moja kama kuna atakayejua kona ikikosea kidogo. Akanijibu kwamba nitajua mimi, na kwamba ndiyo sababu nimeajiriwa mimi na si mtu mwingine.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha ni goli. Mbele ya lango, pale anaposimama golikipa, majani hufa upesi kwa kukanyagwa, kunabaki shimo. Kila wiki inabidi utie mchanga na mbegu. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukitia mchanga mpya juu ya ule wa zamani, ardhi inapanda, na goli lenyewe halipandi nayo. Kwa hiyo kanuni ya Mzee Khelef ilikuwa maneno matatu: toa ndipo utie. Kwanza chimba mchanga wa wiki iliyopita, kisha weka mpya. Halafu kila Alhamisi alichukua ufito wake, mti mwembamba alioukata mwenyewe sawasawa na urefu wa lango, akausimamisha chini ya ule mti wa juu ambao watangazaji wa mpira huuita mtambaapanya. Ufito ukisimama wima ukigusa kidogo tu, goli ni zima.

Alipostaafu, siku chache kabla ya chuo kuanzisha timu yake ya kwanza, aliniachia cheo chake na ule ufito. Hakutoa hotuba.

"Huu usiutie maji," alisema, "na usiuache juani."

Sasa niwaeleze kuhusu timu. Chuo kilikuwa kipya na timu ilikuwa mpya zaidi. Vijana walikuwa wa kila taifa, waliokutana darasani. Kocha alikuwa Mwalimu Ouma, Mkenya mwenzangu wa Kisumu, aliyefundisha hesabu siku za wiki na mpira jioni. Golikipa alikuwa Said, kijana wa miaka kumi na tisa, wazazi wake watu wa Mombasa. Baba yake alikuwa na duka mtaa wa Naif la kuuzia wafanyabiashara wa kwetu, na kila mteja aliyeingia alisikia habari za mwanawe kabla ya kusikia bei.

Mechi ya kwanza ilichezwa kwetu. Wiki ile mashine ya maji iliharibika, nikashughulika nayo hadi dakika ya mwisho. Lango la kaskazini nilikuwa nimelitengeneza. La kusini nilitupia karai mbili za mchanga bila kuchimba, nikaahidi moyoni kwamba nitachimba Jumatatu. Tulishinda, na Said hakufungwa lango lile la kusini ingawa alishambuliwa vibaya. Jumatatu nilipofika na sepeto, Kocha alikuwa amesimama pale.

"Mzee Wafula, unaenda kufanya nini?"

"Kuchimba, Kocha. Toa ndipo utie."

"Hiyo goli wachana nayo, mzee wangu. Imetuletea bahati. Tia mchanga tu kama ulivyotia, usichimbe na usiipimepime."

Nikacheka. "Wewe si mwalimu wa hesabu?"

"Hesabu ni ya darasani. Jumamosi ni siku nyingine."

Na mimi nikakubali. Hapo ndipo kosa lilipo, na silitupi kwa Kocha. Yeye hakuapa kutunza ufito. Ningeweza kumwambia hapana, kama nilivyomwambia yule meneja wa suti mara nyingi. Sikusema, kwa sababu nami niliingiwa na miko ile. Kila Jumamosi nilivaa kofia ile ile ya bluu, na nilikasirika mtu akiifua. Wachezaji walikuwa na yao: mmoja aliingia uwanjani wa mwisho, mwingine hakuvaa soksi mpya. Tukashinda mechi ya pili, tukatoka sare ya tatu, tukashinda nne zilizofuata. Kila wiki nilitia karai mbili za mchanga lango la kusini, mara nyingine tatu, nikamwaga mbegu, nikamwagilia na kushindilia. Ufito ulilala stoo nyuma ya mlango. Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali ile siku zote tunaisema kwa mambo mazuri tu.

Niseme ukweli jinsi nilivyojisikia. Miaka yote ile nilitunza majani ya watu wasionijua. Sasa kulikuwa na vijana ishirini wanaoniita kwa jina. Wakifunga goli waliwakimbilia wenzao, kisha mmoja wao hunyoosha mkono upande wangu niliposimama na mashine yangu. Madam, mkuu wa chuo, alikuja uwanjani kunishukuru kwa mkono. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini, na sikutaka chochote kiiguse.

Said ndiye aliyenifurahisha zaidi. Alikuwa na desturi moja kabla ya kila mechi ya kwetu: husimama katikati ya lango la kusini, lile la bahati, akanyoosha mkono na kugusa mtambaapanya kwa ncha za vidole. Mwanzo wa msimu alilazimika kuruka kidogo. Kufikia katikati alisimama kwa vidole vya miguu tu. Mwisho mwisho aligusa amesimama wima, visigino chini.

"Waona, mzee?" aliniambia siku moja. "N'narefuka bado."

"Miaka kumi na tisa unarefuka?"

"Mamangu asema ni wali wa nazi."

"Basi niletee na mimi."

Kesho yake aliniletea kweli, kwenye bakuli lenye kifuniko, na samaki juu. Nilikula nimeketi kwenye kiti cha mashine ya kukatia majani, nikimtazama akigusa goli lake na kucheka. Mtu wa kuniambia kwamba nakula huku nimefumba macho hakuwepo.

Ikafika mechi ya mwisho. Tulikuwa hatujashindwa hata mara moja, na wapinzani wetu, chuo kimoja cha upande wa pili wa mji, walikuwa nyuma yetu kidogo. Tukitoka sare, kombe letu na msimu wetu mzima bila kushindwa. Wakishinda, kombe lao. Kabati la kioo lilikuwa limeshanunuliwa na kuwekwa penye mlango mkuu wa chuo.

Kipindi cha kwanza tulilinda kaskazini, wakatufunga moja. Kipindi cha pili tukahamia kusini, na mapema tukasawazisha kule upande wa pili kwa kichwa. Baada ya hapo walitubana hadi sikuweza kutazama. Zikiwa zimebaki dakika chache, mshambuliaji wao, kijana mrefu mwenye jezi iliyochanika begani, alipiga shuti kutoka mbali. Said aliruka, hakuufikia. Mpira ukadunda juu ya mchanga wangu mbele ya lango, ukapaa na kugonga mtambaapanya kwa mlio ambao hadi leo naukumbuka, ukarudi uwanjani, na beki wetu akaupiga mbali. Refa akapuliza. Sare.

Watu waliingia uwanjani, wakakanyaga majani yangu, na kwa mara ya kwanza maishani sikumfukuza mtu. Kocha Ouma alinikumbatia akilia. Baba yake Said alikuwa amekuja kutoka Naif na nusu ya majirani zake wa duka. Mwanafunzi mmoja mwenye kamera akampiga Said picha langoni kusini, mkono juu, ameshika mtambaapanya kwa kiganja. Halafu akasema huku nyuma yanaonekana mapipa ya taka, twende kaskazini jengo la chuo lionekane. Wakaenda, nami nikafuata kwa sababu siku ile nilifuata kila mtu.

Said akasimama katikati ya lango la kaskazini, akanyoosha mkono. Haukufika.

Akajinyoosha tena. Haukufika.

"Nimechoka jamani, nimefupika," akasema, akaruka kidogo na kushika. Wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Niliyatazama yale malango mawili, moja hapa na jingine kule ng'ambo, nikaelewa kitu ambacho Mzee Khelef angekielewa tangu siku ya bakuli la wali.

Walipoingia ndani kula, jua likiwa bado halijazama, nilikwenda stoo nikautoa ufito. Lango la kaskazini ulisimama wima, ukagusa kidogo tu. Nikavuka uwanja mzima nikijidanganya kwamba macho yangu yamezeeka. Lango la kusini haukusimama. Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto. Ulibaki umeinama, umebanwa, na nilipoupimisha pembeni ulizidi kwa vidole vinne. Kila wiki karai mbili. Nilikuwa nimewaza mchanga ule unakwenda wapi? Nilikaa chini pale pale juu yake, na niliogopa. Visa yangu ilikuwa mikononi mwa chuo. Pia niliogopa nyuso za wale vijana, na hilo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi hadi Satwa, ambako Mzee Khelef aliishi na mwanawe nyuma ya maduka ya washonaji. Nilimwamkia, nikapewa kahawa, nikamweleza yote bila kuruka. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Ulitoa ndipo ukatia?" aliuliza nilipomaliza, kana kwamba hakusikia.

"Hapana, mzee."

"Na ufito?"

"Ulikuwa stoo."

"Mie sikukupa ufito uulaze," akasema. "Nani mwengine ajua?"

"Hakuna. Refa alikagua nyavu na mistari. Mchanga naweza kuuchimba leo, kesho hakuna atakayegundua."

"Waweza khasa. Basi mbona umepanda basi kuja huku?"

Alimalizia kahawa yake, ikiwa baridi nadhani.

"Mficha uchi hazai, Wafula. Na ufito hauna timu. Ukianza kuupa timu, uchome moto, upikie chai, utakuwa na faida zaidi. Ila mie sitakwenda kukusemea. Mdomo unao."

Nilirudi na basi lile lile. Sikuchimba.

Kocha nilimkuta ofisini kwake, ubao umejaa hesabu. Nilipomweleza alisimama akafunga mlango.

"Nani alikutuma kupima, mzee?"

"Hakuna. Ni kazi yangu, na niliiacha."

"Sikiza. Hata sisi kipindi cha kwanza tulilenga hiyo hiyo goli. Ilikuwa fupi kwa kila mtu. Hiyo ni haki."

"Ndiyo, Kocha. Lakini mpira uliogonga mti haukuwa wetu."

Aligeukia ubao wake. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza. Aliongea akiwa bado amenipa mgongo. "Vidole vinne," akasema, na akaandika kitu ubaoni, mpira una upana gani, ulidunda wapi. Akafuta kwa kiganja. "Mimi ndiye nilikwambia usichimbe. Twende kwa Madam pamoja."

Madam alitusikiliza kwa utulivu uliotutisha. Aliniuliza kama najua kwamba magazeti ya chuo yameshachapwa. Nikasema najua. Aliniuliza kama nina familia inayonitegemea. Nikasema ninayo. Akatazama nje ya dirisha, upande wa uwanja.

"Khalas," akasema. "Andikeni barua, nitatia sahihi."

Kocha wa wapinzani alikuja na kipimo chake mwenyewe, akapima mara tatu, akanipa mkono. Kamati ya vyuo ikaamua mechi irudiwe kwao. Mimi sikucheza lakini nilikwenda, na niliiacha nyumbani ile kofia ya bluu. Tulifungwa mbili bila. Hakuna mtambaapanya uliogongwa siku hiyo, hakuna refa wa kulaumiwa. Walikuwa wazuri kuliko sisi, na yule mwenye jezi iliyochanika alifunga la pili kwa mguu wa kushoto. Kabati la kioo likabaki tupu mwaka mzima, hadi mtu akaweka ua la plastiki ndani.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Inasema kwamba mfanyakazi alizembea kufuata taratibu za ukaguzi wa lango. Nimeitunza, iko kwenye lile sanduku lililo wazi, na ni barua ya kweli kuliko zote za sifa nilizopewa baadaye. Kocha Ouma hakunichukia. Msimu uliofuata alikuja mwenyewe kila Alhamisi kushika upande wa pili wa ufito, ingawa ufito hauhitaji watu wawili.

Aliyeumia ni Said. Nilipomweleza, nilitaraji atakasirika juu ya kombe.

"Kwa hivyo sikurefuka?" akauliza.

"Hukurefuka, mwanangu."

Akaondoka. Muhula mzima hakuniamkia. Alipita karibu na mashine yangu akitazama mbele, na kabla ya mechi hakugusa tena goli lolote. Wali haukuja tena. Nilijua baba yake amelazimika kuwaambia wateja wa Naif habari nyingine, na nilijua nani amesababisha. Wanaosema ukweli humpunguzia mtu mzigo hawajaniambia nani huubeba mzigo huo. Nilikuwa na huzuni, na nilikwenda kazini.

Alihitimu na kuondoka. Mwaka huo Mzee Khelef naye alifariki, Mungu amrehemu, nami nilibeba jeneza pamoja na wanawe. Niliendelea kutoa ndipo nitie. Timu nyingine zilikuja, baadhi zilishinda vikombe, kabati lilijaa, ua la plastiki likatupwa. Timu iliyomaliza msimu mzima bila kushindwa haijapatikana hadi leo. Ile ya kwanza ilikaribia, na mkitazama picha yake ukutani mtaona imeandikwa mwaka tu.

Nimefundisha wengi kazi hii na nimewaudhi wengi. Mmoja aliniambia kwamba goli fupi kwa vidole viwili halijawahi kumwua mtu. Ni kweli, halijaua. Lakini mtunza uwanja ndiye mtu pekee pale asiyetakiwa kutaka chochote. Wachezaji wanataka kushinda, kocha anataka kushinda, hata refa anataka kurudi nyumbani salama. Wewe ukishaanza kutaka, hakuna aliyebaki wa kushika ufito. Niliutaka msimu ule kwa moyo wote, na sioni aibu kwamba niliutaka. Aibu yangu ni kwamba niliacha kupima.

Wiki iliyopita waliniaga. Palikuwa na keki, Madam wa sasa alizungumza vizuri, na Kocha Ouma, mwenye mvi sasa, alishindwa kumaliza hotuba yake. Nilipotoka nje kutazama uwanja kwa mara ya mwisho, nilimwona mtu mzima amesimama kando ya mstari, mwenye ndevu na shati la ofisini. Nilimjua kwa mabega.

"Shikamoo, Mzee Wafula."

"Marahaba, Said."

Alikuwa amebeba bakuli lenye kifuniko. Alisema anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, kwamba ana mke, kwamba mamake amenisalimu. Nikamwambia ashukuriwe. Hatukuzungumza juu ya kombe. Kisha aliweka bakuli chini kwenye nyasi, akavua viatu vyake vya kazi, akaingia uwanjani na soksi hadi lango la kusini. Akasimama katikati, visigino chini, akanyoosha mkono juu kwa urefu wake wote.

"Unafika?" nikamuuliza.

"Haufiki, mzee."

"Jaribu tena."

Akajaribu tena, hadi shati likatoka kwenye suruali. "Haufiki kabisa."

"Basi naweza kwenda nyumbani," nikamwambia, tukaketi chini tukala.